Jina la Mwanangu Haliazimwi

Jumamosi, mwezi wa nne. Mvua.

Imeanza saa nane mchana, ile mvua ya Kericho isiyobisha hodi, na mpaka sasa bati linapigwa. Nimerudi kutoka Silibwet na hasira ileile niliyoondoka nayo asubuhi, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akienda kulipiza kisasi, angalau arudi akiwa mwepesi.

Kibet, mume wangu, ameniuliza kama ninaumwa. Nimemwambia ni kichwa. Si kichwa. Ni Chelangat.

Wacha nianze na jina, kwa sababu mambo yote haya ni ya jina.

Mimi ni mzaliwa wa Kericho mjini, lakini watu wangu walitoka upande wa Nyeri zamani, babu akiwa na mkokoteni na gunia la viatu vya kuuza. Kibet ni Mkipsigis, kwao ni karibu na Silibwet, wana chai, ng'ombe na mahindi kidogo. Nilipopata mimba, mama yangu alisema mtoto akiwa mvulana atachukua jina la baba mzazi wa Kibet, maana kwetu kifungua mimba wa kiume huitwa babu yake wa upande wa baba na hakuna mjadala. Kwa kina Kibet wakasema haiwezekani, mzee bado anakula ugali wake mwenyewe, majina ya nyumbani hutoka kwa waliotangulia. Simu zikalia mimba nzima. Kila nyanya wa mtoto alikuwa na msimamo wake, na wote walinipigia mimi.

Jina Griffin nililipata kwenye simu, nikiwa nimelala na miguu imevimba. Ni mnyama wa hadithi za watu wa mbali, nusu tai na nusu simba. Kichwa na mabawa ni vya tai, mwili na mkia ni vya simba, na kazi yake ni kulinda hazina. Nilicheka peke yangu kitandani. Mtoto wangu alikuwa nusu huku na nusu kule, na nilitaka jina ambalo hakuna nyanya angeweza kusema ni la kwake. Mama yangu alipoelezwa maana aliuliza kama hilo si irimu, lile zimwi la hadithi za Kikuyu. Mama mkwe akataka kujua kama limeandikwa kwenye Biblia. Hapo nikajua nimepata. Wote wawili walilichukia kwa kiasi sawa.

Kazi yangu ni kudarizi. Nina duka dogo karibu na soko, cherehani yangu na rafu za blanketi na shali za watoto, na mimi ndiye ninayeshona majina. Kwa hivyo majina ya watoto wa huku yananipitia mikononi kabla hayajafika kanisani. Kuna wakati kila msichana alikuwa Precious. Halafu wavulana wakawa Prince mpaka nikachoka na herufi P. Blanketi la mwanangu nililidarizi kwa uzi wa dhahabu, jina na yule mnyama pembeni, mabawa wazi, na kabla hajazaliwa nilikuwa nimelitundika dukani kama sampuli. Watu wakaanza kuuliza, "Hii ndege iko na mkia ni ya nini?" Nikawaeleza. Mama mmoja wa Soin akaagiza. Halafu dada yake. Halafu rafiki ya dada yake.

Sitadanganya, jina lilikuwako Kenya hii kabla yangu, na kuna watu wazima wengi wanaoitwa Griffin ambao hata hawajui ni mnyama. Lakini leo ukisimama kliniki ukaita Griffin, akina mama wengi watainuka, na wale ambao watoto wao wamefunikwa mabawa ya dhahabu wametoka kwangu. Nilijivunia hilo. Nilijiona nimeleta kitu.

Sasa Chelangat. Ni mke wa mdogo wake Kibet. Ameolewa juzi tu, lakini boma limemkubali kuliko mimi niliyefika miaka saba iliyopita. Anajua kuimba, anajua kukama, anajua utani wa wazee na mahali pa kucheka. Mimi nikisema neno la Kipsigis, shangazi wanaangaliana.

Krismasi iliyopita aliwakusanya watoto wote wa boma jikoni, akawatambia habari za Chemosit. Kama wewe si wa huku, Chemosit ni zimwi la Wakipsigis. Nusu ni mtu na nusu ni ndege, ana mguu mmoja, mdomo wake mwekundu unawaka kama taa, na chakula chake ni watoto. Mwanangu alikuwa amekaa mbele kabisa na blanketi lake mabegani. Mimi nilikuwa mlangoni namenya viazi, kwa hivyo sikuambiwa na mtu. Nilisikia mwenyewe.

"Na munajua Chemosit iko hapa na sisi?" Chelangat akasema. "Si ni huyu Griffin! Angalieni blanketi yake. Ndege si ndege, mnyama si mnyama. Mama yake alimpatia jina ya Chemosit."

Watoto wakacheka. Mama mkwe akacheka. Hata mimi nilicheka, kicheko cha meno tu, kwa sababu ilikuwa Krismasi na viazi vilikuwa bado vingi.

Mwanangu hakucheka.

Tangu siku ile binamu zake wanamwita Chemosit. Mmoja wao anasoma naye hapa mjini, kwa hivyo jina likaingia shuleni bila karo. Wakimwona wanakunja mguu mmoja na kurukaruka wakipiga mayowe. Ana miaka mitano. Aliacha kulalia blanketi lake, na nilipomuuliza alisema lina joto. Kericho hii, joto! Halafu mwezi uliopita alirudi, akavua viatu, akaniambia bila kulia, "Mama, ambia teacher aniite Brian."

Sina ubaya na akina Brian. Lakini nilienda bafuni nikafungua maji ili asinisikie.

Nilimpigia Chelangat siku hiyo hiyo. "Ai, Mama Griffin," akasema, "si ilikuwa tu story ya watoto? Wewe unachukua vitu serious sana." Akaniuliza bei ya nyanya huku mjini. Nikamjibu bei ya nyanya. Hilo la nyanya ndilo nimelikumbuka kila nikiosha vyombo.

Wiki tatu zilizopita akajifungua kifungua mimba wake, mvulana. Tukatuma hongera, tukatuma sukari na majani ya chai, kama inavyotakiwa. Baadaye akanitumia ujumbe wa sauti. "Mama Griffin, sisi pia tumeamua mtoto ni Griffin. Hiyo jina iko juu sana saa hii, kila mtu anaitaka. Nishonee blanketi, uweke na kale kanyama, lakini ufanye kakubwa kuliko kale ka yako."

Niliusikiliza nikiwa nimesimama, nikausikiliza tena nikiwa nimekaa. Alilitemea mate jina la mwanangu mpaka mwanangu akalivua. Sasa yeye analiokota, analipangusa na kumvisha wake kwa sababu liko kwenye fasheni. Na mimi je? Katika boma lile mimi ni Mama Griffin, sina jina lingine pale. Sasa tutakuwa wawili, na mmoja anajua kukama.

Nikamjibu, "Sawa dear." Nikaongeza na picha ya moyo mwekundu.

Mtenda akitendewa hudhani kaonewa. Nilitaka adhani hivyo, tena kwa muda mrefu.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwa Wakipsigis mtoto ana jina la kanisani na jina la nyumbani. La kanisani unalitoa popote, hata kwenye simu kama mimi. La nyumbani wanaolichagua ni waliokufa. Kina mama wanakaa na mtoto, wanaita majina ya wazee wa ukoo waliotangulia, jina moja baada ya jingine, na lile atakalolipigia chafya, basi mzee huyo ndiye amerudi. Hakuna kukata rufaa. Zamani walimwekea mtoto ugoro kidogo puani ili kumsaidia. Siku hizi boma limeokoka, ugoro hauvuki mlango, kwa hivyo wanangoja chafya ya Mungu. Ya mwanangu tuliingoja mpaka chai ikapoa.

Na fundi wa blanketi anajua jambo moja. Kitambaa kipya cha manyoya, ukishakikata na kukidarizi, kinatoa vumbi la nyuzi. Kila mteja ninamwambia afue kwanza, la sivyo mtoto atapiga chafya mpaka achoke. Blanketi la Chelangat sikulifua. Nililisugua kwa brashi, nikienda kinyume cha manyoya, mpaka vumbi likasimama juu kama unga.

Mzee wa kumletea nilikuwa nimeshampata. Kibet aliwahi kunisimulia, akicheka, kwamba babu yake alikuwa na ndugu aliyeitwa Arap Tonui, mwenye mguu mmoja, ambaye watoto wa miaka ile walimkimbia wakilia Chemosit! Chemosit! Alikufa bila mke wala mtoto. Jina lake halijawahi kuitwa kwenye chafya ya mtu yeyote, maana nani anataka kumrudisha Chemosit nyumbani?

Chelangat alimwita mwanangu Chemosit kwa mchezo. Mimi ningempa Chemosit mwenyewe, wa ukoo, mbele ya mashahidi. Nilishona yale mabawa makubwa kuliko ya mwanangu, kama alivyoagiza, na nilishona nikiimba.

Leo mimi, Kibet na mtoto tumefika Silibwet mvua ikiwa bado mbali. Jikoni kulikuwa kumejaa kina mama, Mama mkwe katikati, dada zake pembeni, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya huku, kikizunguka. Chelangat alikuwa amesuka vizuri na uso unang'aa. Akalipokea blanketi mbele ya watu, akalikunjua. "Waaa! Ona mabawa!" Shangazi wakalishika, wakalisifu. Nikasema kwa kuwa mimi ndiye fundi, wacha nimfunike mtoto mwenyewe. Nikapewa mtoto. Watoto wengine walikuwa nje wakicheza, mwanangu akiwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya ghala.

Nilimwona kupitia mlangoni. Kama nilikuwa na huruma yoyote, iliishia hapo.

Mama mkwe akaanza kuita. Jina, kimya. Jina jingine, kimya. Mtoto alikuwa amelala fofofo mapajani pangu, nami nilikuwa nimeliacha blanketi chini kifuani kwake, mbali na pua. Wakawaita baba za wazee, na babu zao, wakarudia kutoka mwanzo wakidhani labda hakusikia. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba hata ugoro una kazi yake. Mama mkwe akamkata jicho.

Nilingoja mpaka walipochoka. Kisha nikasema, kwa sauti ya mkwe mwema kabisa, "Mama, na yule mzee wa mguu moja? Arap Tonui? Si yeye pia ni wa hapa?"

Chelangat akageuka haraka. "Ai, hapana. Huyo wacheni."

"Mimi nauliza tu," nikasema. "Mambo ya huku sijui sana."

Mama mkwe aliniangalia. Kisha akamwinamia mtoto na kusema polepole, "Arap Tonui. Ni wewe?"

Nikavuta blanketi mpaka puani.

Chafya ikatoka, ndogo, na nyingine nyuma yake.

Nitasema ukweli kwa kuwa kwenye kurasa hizi sina mkwe. Uso wa Chelangat ulipoanguka, nilisikia raha mwili mzima. Aliona yote niliyoyaona mimi tangu Krismasi, watoto wakirukaruka kwa mguu mmoja, jina likimfuata mtoto mpaka darasani, mtoto akitaka kuwa mtu mwingine. Nilikuwa namwangalia bila kupepesa. Nilitaka dakika ile isiishe.

Iliisha. Mama mkwe alikuwa analia, na mwanzoni nilifikiri ni aibu.

"Huyu mzee nimeogopa kumwita miaka yote," akasema. "Niliogopa watu watachekelea mtoto."

Akatueleza. Arap Tonui alipoteza mguu trela ya majani chai ilipopinduka. Alitembea kwa mikongojo miwili, na mwenye mikongojo miwili hana mkono wa kushika tochi, kwa hivyo alfajiri aliishika kwa meno. Huo ndio mdomo wa moto ambao watoto waliuona ukija kwenye ukungu katikati ya chai. Alikuwa akiwasindikiza wale wanaoogopa giza mpaka njia ya shule, na wao walikuwa wakimkimbia yeye. Na alfajiri ambayo uchungu wa kumzaa Kibet ulimshika Mama mkwe, wanaume wengine wakiwa wameenda kazini, Arap Tonui ndiye aliyemtangulia mpaka barabarani, akiruka kwa mikongojo, tochi mdomoni. Njia nzima hakumwambia hata pole, kwa sababu angefungua mdomo angeiangusha.

"Huyu ndiye alinifikisha," Mama mkwe akasema. "Na sisi tukamwacha nje kwa mvua, miaka hii yote. Leo ameingia."

Vigelegele! Shangazi wakasimama. Chelangat akalia pia, lakini kilio cha furaha, akamchukua mtoto kutoka mapajani pangu na kumwinua juu na mabawa yake yote. "Kumbe nimezaa shujaa!" Kisasi nilichokibeba kutoka Kericho nilikuwa nimempelekea mlangoni kama zawadi ya uzazi, na hakujua hata kunishukuru.

Ni Mama mkwe peke yake aliyerudi kwangu. Alishika pembe ya blanketi, akapitisha kidole, akaangalia vumbi lililobaki kidoleni.

"Wewe ni fundi," akasema kwa sauti ya chini. "Blanketi mpya si inafuliwa kwanza?"

"Inafuliwa, Mama."

"Basi ifue."

Akaenda kumimina chai. Nafikiri anajua yote. Nafikiri pia hatasema, na sijui kama huo ni upendo au ni deni.

Watoto walikuwa wamevutwa na vigelegele, wakasikia habari yote pale mlangoni. Nilipotoka nje, matone ya kwanza yakianguka, kila mmoja alikuwa na kijiti mdomoni, akiruka kwa mguu mmoja nyasini, na walikuwa wanapigania nani awe Chemosit. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mwanangu. "Wacheni! Chemosit ni mimi! Mimi ndio nilianza!" Na wale wakubwa, wale waliomtesa, wakakubali. Wakajipanga nyuma yake.

Kisha Chelangat akaita kutoka ndani, "Griffin, kuja ushike ndugu yako." Nilitaka akatae. Nilimwombea akatae. Alikimbia. Chelangat akamkalisha, akamwekea mtoto mapajani, akampapasa kichwa kana kwamba Krismasi haikutokea. Hakumwambia pole, na mimi hakuniambia pole. Mwanangu akamwegemea.

Tangu tuliposhuka stendi ya Kericho, amemwambia kila mtu njiani, mpaka muuza mahindi, kwamba yeye ni Griffin, na babu yao alikuwa Chemosit mwenyewe, na ana mdogo wake anaitwa Griffin pia. Kibet alicheka njia nzima. Sasa mtoto anamwonyesha baba yake jinsi ya kushika tochi kwa meno, ninawasikia kutoka huku.

Ninajaribu kufurahi. Nilichokuwa nakitaka ni mtoto wangu asilionee haya jina lake, na halionei haya tena. Lakini nilitaka yatoke kwenye machozi ya Chelangat, si kwenye kicheko chake. Nilitaka anikute peke yangu aseme pole, moja tu, hata ya uongo, na mimi nikatae kuipokea. Nilikuwa nimejipanga vizuri jinsi ya kuikataa.

Mwanangu amemsamehe bila kuniuliza. Hakuwa na haja ya kuniuliza, maana aliyeitwa zimwi ni yeye, na aliyelala na aibu ni yeye.

Basi hii hasira niliyobaki nayo ni ya nani?